Malalamiko Dhidi ya Kichocheo Kisichochafua Mfereji

Moshi, 9 Juni 2004

Ndugu Mhariri,

Kwa heshima naomba ufunge mlango kwanza. Kila neno la barua hii libaki siri kati yako na wasomaji wako.

Mimi ni karani wa mapipa katika kiwanda kidogo cha dawa. Mapipa ya taka nayahesabu, nayapiga muhuri, kisha nasimamia yakisuuzwa mferejini. Sasa mkemia wetu, Dakta Aikande, ameleta njia mpya ya kuunganisha naitrojeni kwenye molekuli, na taka karibu zimekwisha. Nalalamika hivi:

1. Molekuli za dawa yetu ni kama mikono: ya kulia hutibu, ya kushoto haifai kitu. Zamani zilitoka nusu kwa nusu, na za kushoto zikajaza mapipa yangu. Sasa hutoka za kulia karibu tupu. Nchi imeingia vyama vingi, sisi kiwandani tumerudi chama kimoja!

2. Kichocheo chenyewe, kinachoharakisha muungano huo, ni asidi amino, kitu kilichomo hata kwenye maharage. Hufanya kazi kutwa, kisha hutoka kama kilivyoingia. Hakili, hakiombi ruhusa ya kwenda msibani. Meneja ameanza kututazama sisi kwa jicho hilo hilo.

3. Vile vimiminika vya kuwasha macho vimeondolewa, kazi inafanyika ndani ya maji. Mlinzi wetu, Mzee Aminieli, alikuwa akipewa maziwa ya kuondoa sumu kila Ijumaa, yamefutwa. Juzi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kukohoa. Nikadhani ni mtu mwingine.

4. Mwezi huu pipa ni moja. Nimelipiga muhuri mara tisa ili siku ipite. Ijumaa nimeitwa kwa meneja, nami sijasomea kuhesabu kitu kisichokuwepo.

Kwa hiyo naiomba serikali irudishe taka, walau za kumtosha karani mmoja.

Wasalimie wote hapo ofisini, hata anayepika chai.

Mimi mwenye hofu,
Karani wa Mapipa

N.B. Jani la isale lililomo kwenye bahasha, ambalo sisi Wachaga huombea msamaha, ni la Dakta Aikande. Mpelekee, naomba anisamehe. Mfereji wetu hushuka hadi Kahe, kwa mama yangu. Jumapili nilimkuta akiteka humo maji ya kunywa, mara ya kwanza tangu niajiriwe. Ukinihitaji baada ya Ijumaa, fuata mfereji huo mpaka mgomba wa mwisho, uliza kwa mama yangu, Mama Mektrida. Utapewa maji. Kunywa.