Mgomba Uliovaa Shati la Yeremia

Jumatatu, 8 Septemba 1997

Kijiji changu kimefika watu arobaini na mmoja. Cha Lukman thelathini na wanane. Leo hana raha, nimemwona usoni.

Nieleze vizuri, maana huenda siku moja shajara hii ikasomwa na watu wenye akili. Lukman ana duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi hapa Kirumba, Mwanza. Mimi ni msaidizi wake tangu chama cha pamba kilipotupunguza kazini. Kompyuta aliinunua mnadani, kampuni moja ilipofunga virago, na ndani yake tukakuta mchezo. Unapewa watu wadogo saba wenye ndevu, mlima na sululu. Wanachimba nyumba chini ya mlima, wanalima uyoga, wanapigana na mazimwi, wageni wanahamia. Tumewekeana dau: atakayefikisha watu mia kabla ya mwezi kuisha ndiye atakayekalia kiti cha kompyuta. Mwingine atabaki na fotokopi. Kiti hicho nakitaka sana.

Watu wangu nimewapa majina ya ukoo wetu wote. Hapo nilitumia akili, sitawachanganya.

Zimwi limeua watatu leo. Lukman akifiwa husimamisha kazi zote, achonge jeneza, achimbe kaburi, aandike jina kwenye jiwe. Kupoteza nguvu kazi bure! Mimi wangu nimewatupa mtoni. Dakika moja, kazi ikaendelea.

Barua ya Mama kutoka kwetu Nansio, ng'ambo ya ziwa, imefika, kaileta Bernadeta muuza dagaa. Nitaisoma kesho.

Jumanne, 9 Septemba

Balaa. Wale watatu wamerudi. Weupe, wanapita katikati ya kuta, wanasimama jikoni watu wakila. Kompyuta inaandika kwa Kiingereza kwamba fulani hajazikwa na hana pa kupumzika. Walio hai wanalia badala ya kuchimba. Yule niliyempa jina la Baba Mdogo Chenge amekaa chini, hataki kazi yoyote. Kwa kweli hata yule wa Nansio ndivyo alivyo.

Lukman alikuja kuchungulia na kikombe chake cha chai. Alisema kwa upole kwamba maiti haitupwi. Sipendi upole wa Lukman. Nikamjibu kwamba nina mpango.

Mpango wenyewe: kaburi moja kubwa, jiwe moja, juu yake neno moja, WOTE.

Barua nimeisoma. Ni ileile. Mama anasema miaka miwili inatosha, Yeremia azikwe. Nimemwandikia kwamba nina shughuli nyingi mwezi huu.

Alhamisi, 11 Septemba

WOTE imekataa. Kila marehemu anataka jiwe lake na jina lake. Wasumbufu! Sasa mizimu wamefika wanane, maana walio hai wameanza kupigana kwa majonzi. Nimebaki na watu thelathini na watatu. Lukman ana hamsini na watano, na makaburi yake yamenyooka kwa mistari kama shamba la mfano. Anajionyesha tu.

Saa nane mchana yule mwenye jina la Yeremia aliteleza darajani akaingia mtoni. Daraja nililijenga mimi, harakaharaka, bila kingo. Alikuwa kitone tu chenye ndevu. Nikaizima kompyuta kwenye swichi ya ukutani. Ndani kulikuwa na barua ya mteja ambayo Lukman alikuwa hajaihifadhi. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Basi, niseme. Yeremia ni mdogo wangu. Septemba tisini na tano ilikuwa zamu yangu kwenda Ukara kuchukua sangara. Nilikuwa na mpango mjini, belo la mitumba. Nikamwambia aende yeye. Mtumbwi ulipinduka. Wenzake wanne walipatikana, yeye hapana.

Kwa ukoo wetu, mtu akipotelea ziwani, kaka yake mkubwa hukata mgomba, ukavishwa shati la marehemu na kuzikwa kwa jina lake. Mpaka hapo msiba haujaisha na mjane havui nguo nyeusi. Kaka mkubwa ni mimi. Lakini mtu hajaonekana, unamzikaje? Huenda yuko Uganda. Watu wanakwenda Uganda kila siku.

Jumamosi, 13 Septemba

Mchezo hujihifadhi wenyewe, kuzima hakukusaidia: mzimu wa Yeremia umetokea. Hasumbui mtu. Anasimama mlangoni pa ghala, maji yanamchuruzika.

Lukman amenifundisha kwamba mwili ukichukuliwa na mto, unachonga jiwe tupu, unaandika jina la mtu, naye anapumzika. Nimewachongea wale wanane. Wamekwenda zao. La Yeremia sikuandika. Nimemjengea chumba chenye kitanda na meza, na kila siku anapelekewa uyoga. Niliona ni mpango mzuri kuliko yote: akitunzwa atazoea, na wengine watamzoea.

Wapi! Kila anayemwona anaacha kazi. Kufika jioni tumebaki kumi na wawili.

Lukman alivuta stuli akakaa karibu yangu.

"Andika jina, Nathaniel. Ni jiwe tu."

Nikamwambia nikiandika ndiyo basi. Alirudisha stuli mahali pake. Kisha akasema anakwenda kuswali na atamwombea Yeremia pia. Nilitaka kumwambia asimwombee, lakini hana baya mtu huyu, ndiyo shida yake.

Jumatano, 17 Septemba

Leo kaja Teodora, mjane wa Yeremia. Amevuka na meli ya asubuhi, hakuleta taarifa. Nguo yake nyeusi imepauka mpaka imekuwa rangi ya udongo. Nilijaribu kuiziba kompyuta kwa mgongo wangu. Nilikuwa nimebakiza watu wanne.

Aliuliza yule mweupe aliyekaa mezani ni nani. Nikasema ni hitilafu ya mashine. Teodora alisoma mpaka darasa la saba na macho yake ni mazima. Aliinama, akalisoma jina. Akatazama muda mrefu jinsi wenzake wanavyompelekea chakula na yeye hali.

"Huyu unampikia, shemeji," akasema. "Mimi umeniacha mlangoni miaka miwili."

Nikaanza kumweleza habari za Uganda. Hakuningoja nimalize.

"Siombi unirithi. Naomba unizikie mume wangu."

 Nikalia mbele ya mteja wa fotokopi, mtu mzima mimi, kamasi mpaka kwenye ndevu. Teodora alinipa upande wa khanga yake nikajifuta. Kisha nikachonga jiwe, nikaandika herufi saba. Yule mweupe akainuka mezani, akatoka, hakurudi. Wanne waliobaki wakachukua sululu zao.

Lukman amenipa ruhusa ya siku nne. Hakusema neno kuhusu kiti.

Jumamosi, 20 Septemba, Nansio

Nimemzika mdogo wangu.

Baba Mdogo Chenge aliniagiza nikate mgomba, kipande cha urefu wa mtu, shina niliache shambani. Nilishika panga nikashindwa. Niliona kama namkata miguu. Nikaung'oa mzima, na shina lake na mizizi yake. Baba Mdogo alisema sivyo. Nikamwambia kaka mkubwa ni nani hapa.

Ardhi imekauka, jembe linadunda. Tulipofika magotini mikono ilikuwa imechubuka. Nikawaambia wachimbaji kwamba kwa mgomba kina hicho kinatosha. Baba Mdogo akasema tena sivyo. Yule mzee hapendi mabadiliko.

Mama ndiye aliyeuvisha shati, lile la mistari ya kijani. Alifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akaisawazisha kola.  Katekista aliomba. Nikatupia udongo wa kwanza, nikasema, "Yeremia, ilikuwa zamu yangu." Mama alisikia. Alinishika kiwiko, hakuniachia mpaka mwisho.

Usingizi wa leo nitaulala wote. Mimi ni mtu mpya. Mipango nimeacha.

Jumapili, 2 Novemba, Mwanza

Lukman alifikisha watu mia tarehe ishirini na sita Septemba. Niko kwenye fotokopi.

Leo ni siku ya kuwaombea marehemu. Jana nilivuka kwenda Nansio, na asubuhi tukaenda wote kaburini kupalilia. Mvua za mwaka huu hazina mchezo. Tumefika, tukakuta kaburi limechipua. Mgomba! Umetoboa udongo upande wa miguuni, majani matatu, kijani kilekile cha shati.

Baba Mdogo Chenge alinitazama tu. Mama aliketi chini. Mimi nilipiga magoti nikasema, "Nilisema mimi, hajafa." Nikamgeukia Teodora nikamwomba zile nguo nyeusi asizigawe kwanza. Alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge cha njano.

Hakugomba. Alichukua jembe, akakichimbua kile chipukizi taratibu, kipande cha shina na mizizi, akafukia shimo na kusawazisha udongo kwa kiganja. Akanikabidhi.

"Huu ni mgomba, shemeji. Kaupande kwako."

Nimerudi nao na meli ya mchana, ndani ya ndoo, nimeufunika kwa koti langu, upepo wa ziwa ni mkali. Mkata tiketi aliuliza nimebeba nini. Nikamwambia ni ndugu yangu. Nimeupanda nyuma ya duka, mbali na mfereji.

Jioni Lukman aliniachia kiti kwa saa moja. Nimeanzisha kijiji kipya, mlima mpya, watu saba wenye ndevu. Kompyuta ikauliza jina la mtu wa kwanza. Nimeandika Yeremia. Safari hii mpango hauna kasoro: nimemjengea ukuta pande zote nne, hauna mlango, mto hautampata kabisa.