Ndiyo na Hapana za Mister Gary

Jumatano, 1 Novemba

Siku ya tatu tangu niache kazi ghalani. Anitha hajui. Mke wangu ana mengi kichwani, sioni sababu ya kumwongezea. Usiku anahudumia wazee, mchana analala, na Januari anaanza masomo ya uuguzi. Tulikubaliana tangu kiangazi: mimi niling'ang'anie ghala, yeye apunguze zamu asome. Makubaliano nayaheshimu. Nimebadilisha ghala tu.

Ghala langu jipya ni darasa. Wanafunzi kumi na mmoja wa sekondari, mji wa Hefei, China. Wanakaa chumba kimoja mbele ya skrini kubwa, jioni yao, saa moja asubuhi yangu. Nawafundisha kusikiliza Kiingereza na sarufi yake. Mimi! Gwakisa wa Tukuyu! Wao wananijua kama Mister Gary wa Washington.

Natoka nyumbani Hyattsville na kizibao cha kazi kinachong'aa, ili Anitha akirudi zamu tukapishana mlangoni asishtuke. Naegesha nje ya maktaba, nadaka mtandao wa bure, nafunga tai, naweka nyuma yangu, kwa kompyuta, picha ya Bunge la Marekani. Leo kuba la Bunge limenimeza sikio moja. Winter, binti wa mstari wa mbele aliyejichagulia jina la majira ya baridi, akauliza sikio limekwenda wapi. Nikamwambia huku kumeanza baridi.

Kampuni ilitaka mwalimu mwenye cheti cha ualimu au mzaliwa wa hapa; cheti sina. Penye mahali pa kuzaliwa nilijaza: Tukuyu, Maryland. Bi. Wen, mwenye kampuni, amezaliwa Gaithersburg, Kichina chenyewe anasema anajua cha kuagizia chakula tu, na Tukuyu hiyo hajawahi kuisikia. Nilimweleza iko juu milimani, mvua haikatiki. Migomba sikuitaja.

Majaribio yangu yanaisha tarehe 9, siku ya mtihani wa kusikiliza. Wakifaulu, darasa ni langu hadi Juni, na hapo nitamwambia Anitha kila kitu kwa mpigo, na keki. Wakifeli, darasa linakwenda kwa Kiplagat.

Alhamisi, 2 Novemba

Kiplagat huyo ni Mkenya, tunasali naye misa moja ya Kiswahili. Anafundisha kampuni hiyohiyo kutoka Bowie, kwenye nyumba yake yenye chumba maalumu cha kufundishia. Mimi nina kiti cha nyuma cha Corolla. Anaongea Kiingereza kwa pua utadhani msoma habari, na kila nikimwona ananiuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Upole wake unanikera kuliko matusi.

Ili nimpite nimetengeneza zoezi langu la kusikiliza: mwanamke anaagiza kahawa, mwanamume anamhudumia. Mwanamume mimi. Mwanamke nimemwomba Flaviana, msomaji wetu wa somo la kwanza kanisani, sauti ya dhahabu. Aliisoma ile kahawa kama waraka kwa Wakorintho. Alipomaliza kuagiza akatua, akainua macho, akasema kwa Kiingereza: Neno la Bwana.

Sikuwa na muda wa kurudia. Darasani kijana mmoja akauliza kwa nini mteja amesema vile. Nikawaambia ni adabu ya migahawa ya Washington. Wote wakaandika.

Baadaye nimemdokeza Bi. Wen kwamba kuna ubalozi mmoja unanimezea mate, unataka niwanoe wanadiplomasia wake. Hakuna ubalozi. Lakini biashara matangazo. Alionekana kuwa na wasiwasi, akasema angesikitika kunipoteza. Safi sana.

Ijumaa, 3 Novemba

Mtihani wa majaribio. Balaa!

Kwenye kanda, mwanamume anamuuliza mwanamke: hujamaliza kazi ya nyumbani? Mwanamke anajibu: No. Swali: amemaliza au hajamaliza? Wanafunzi wote kumi na mmoja wamejibu amemaliza. Nami nilijibu amemaliza, kwa sababu ndivyo ilivyo. Mtu anakuuliza hujala, ukisema hapana si umekula? Kitabu cha majibu kinasema hajamaliza. Nikawaambia kitabu kina makosa ya uchapaji.

Maswali ya aina hiyo yalikuwa manne. Makosa ya uchapaji manne. Bi. Wen akapiga simu, anashuku wameibiana majibu, maana haiwezekani watu kumi na mmoja wakosee mahali pamoja, tena kwa namna moja. Nikamwapia kwamba wanafunzi wangu ni waaminifu. Hilo angalau ni kweli.

Kabla ya kuagana, Winter aliinua mkono. Akasema, "Mwalimu, Kiingereza chako tunakielewa kuliko cha kwenye kanda. Kinafanana na chetu."

Nimefurahi mchana kutwa. Hayo ndiyo malipo ya mwalimu.

Jumapili, 5 Novemba

Leo Wamarekani wamerudisha saa nyuma. Tumelala saa nzima ya bure. Anitha amerekebisha saa ya jiko, mimi nimerekebisha ya gari. Sijawahi kuamka na nguvu hivi. Kiplagat kanisani alinisogelea akitaka kuniambia jambo kuhusu saa. Nilimwambia nimeshalala vizuri, asante.

Jumatatu, 6 Novemba

Wachina hawarudishi saa nyuma!

Hakuna aliyeniambia. Nimefika maktaba saa moja kamili, tai imekaa sawa, na darasa limeshakwisha. Walinisubiri tangu saa kumi na mbili. Bi. Wen alimwita Kiplagat, akawafundisha akiwa amevaa koti la suti. Koti! Saa kumi na mbili asubuhi!

Nilimpigia Kiplagat kumwambia kwamba kudandia darasa la mwenzio si uungwana. Hakukasirika. Alisema jana alitaka kunikumbusha. Kisha akasema amewaelewesha wale watoto yale maswali manne, na akanielewesha na mimi, bila hata kuombwa.

"Bro, hata mimi nilikuwa naconfuse hiyo kitu tukiwa Eldoret," alisema. "Mswahili na Mchina wanamjibu mtu. Mzungu anajibu ukweli."

Yaani Mzungu hajali umemuuliza vipi. Kama hajamaliza, ni hapana. Kama amemaliza, ni ndiyo. Basi!

Nilikaa garini nimeduwaa. Nimekumbuka mwenye nyumba tulipohamia, alivyoniuliza kama sina mbwa. Nikajibu ndiyo. Mpaka leo kila akija anachungulia chini ya kitanda. Nimekumbuka daktari aliyeniuliza kama sivuti sigara, akanipa vipeperushi vya kuacha. Miaka yote hii nilidhani ni ubaguzi.

Jumanne, 7 Novemba

Nimefundisha kanuni ile kama yangu. Nimeiita Kanuni ya Gary. Winter akasema Mister Kiplagat naye aliifundisha jana. Nikamwambia alijifunza kwangu.

Tumefanya mazoezi kipindi kizima. Hujala? Hapana. Huna dada? Hapana. Huendi sokoni? Hapana, hapana, hapana. Nyumbani naendelea peke yangu: najiuliza bafuni, najijibu. Anitha aligonga akauliza naongea na nani. Nikasema naimba. Akasema wimbo huo una neno moja tu.

Alhamisi, 9 Novemba

Mtihani. Nilifika maktaba kabla hata ndege hawajaamka. Kazi ya mwalimu siku hiyo ni kukaa kimya, kazi ngumu kuliko zote. Niliwaangalia wale watoto wameinamisha vichwa, wamevaa visikilizio masikioni, nikajikuta nawaombea kwa Kinyakyusa. Si kwa ajili ya mkataba tu. Kwa ajili yao pia. Nawapenda, basi.

Ijumaa, 10 Novemba

WAMEFAULU! Wote! Maswali ya hapana na ndiyo hakuna hata mmoja aliyekosa.

Bi. Wen alipiga simu nikiwa njiani, barabara ya East-West, malori huku na huku. Kwa mara ya kwanza alicheka. Alisema darasa limevuka lengo, wazazi wanashukuru, angependa niendelee hadi Juni. Ila ana hofu moja. Akaniuliza, "Hutatuacha uende ubalozini, siyo?"

Mimi huyo, moyo umejaa, nikamjibu papo hapo. Yes! Nikarudia asiwe na shaka. Yes, yes, kabisa! Akaacha kucheka, akasema anaelewa, akanitakia heri. Mama mwenye heshima sana.

Nimeagiza keki. Iandikwe "Hongera Januari". Nitaichukua kesho kutwa baada ya misa.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimepata ujumbe wa Bi. Wen. Ananishukuru kwa utumishi, anapongeza ubalozi kwa kumpata mtu kama mimi, na anaheshimu jinsi nilivyomwambia ukweli bila kuzunguka. Darasa amemkabidhi Kiplagat, wazazi wameshaarifiwa.

Nimeusoma mara nyingi. Kisha nikajiuliza swali lake tena, polepole, kwa Kanuni ya Gary.

Lo!

Nilimpigia. Nikasema nilimaanisha ndiyo, sitawaacha. Akasema ndiyo, amenisikia, nawaacha. Nikasema hapana, siwaachi. Akasema basi hapana ni ipi na ndiyo ni ipi. Hatukufika mbali. Mwishoni akaniuliza kwa huzuni kama kweli mimi ni mwalimu wa sarufi.

Jumapili, 12 Novemba

Naandika garini, nje ya nyumba. Anitha ametangulia ndani, mimi nikasema nasubiri kidogo.

Baada ya misa Kiplagat alinikumbatia mbele ya Anitha. Akanishukuru kwa kumwachia darasa la Wachina, akaniombea baraka kwa kazi ya ubalozi. Kwa upole wake uleule. Anitha alitabasamu, akaaga watu, tukapanda garini. Tuliipitia keki, nilishailipia, akaipakata mapajani.

Nilikuwa na mpango. Ningesema bado nipo ghalani, yale ya Wachina ni mambo ya pembeni, kisha Jumatatu nikaombe kazi yangu nirudishiwe kabla hajajua. Mpango mzuri kabisa. Ulihitaji neno moja.

"Gwakisa," alisema, "nakuomba uniambie tu. Hujaacha kazi ghalani?"

"Hapana," nikamjibu.

Kwa Kiingereza lilikuwa jibu safi. Uongo, lakini sarufi haina doa. Ila nilikuwa nazungumza Kiswahili, na mke mzaliwa wa Songea. Nilijaribu kurekebisha. Nikasema ndiyo. Akasema, "Ndiyo umeacha?" Nikasema hapana. Akainua mkono ninyamaze.

Hakupiga kelele. Alisema hana hasira, amechoka tu. Alisema usiku wa juzi alimgeuza mzee mmoja kitandani mara nne peke yake, na kila mara alijiambia Januari, Januari. Kisha akasoma maandishi ya keki kwa sauti, akaniuliza hiyo hongera ni ya nani.

Nilifunika boksi la keki. Nilijisikia vibaya sana. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 14 Novemba

Nimerudi ghalani. Si kwa ujanja wangu. Anitha mwenyewe alimpigia msimamizi wangu Tobias, sijui alimwambia nini, lakini Tobias ananiangalia kama mgonjwa. Amenipa zamu ya alfajiri, kupakua makontena. Anitha ameshapeleka ombi la kupunguza zamu zake. Januari yake ipo palepale, na nimemwahidi kwa jina la mama yangu kwamba safari hii hakuna siri. Alinikatia kipande cha keki. Kidogo.

Nimejifunza. Ujanja haulipi. Mtu akae kwenye kazi yake, aseme kweli kwa mkewe, alale.

Leo wakati wa mapumziko nikakuta ujumbe wa Winter. Anasema Mister Kiplagat ni mwalimu mzuri sana, ila Kiingereza chake ni kizuri mno, darasa zima halimwelewi. Wanaomba Mister Gary awe anawarudia kipindi kwa lugha nyepesi, kimyakimya, wazazi na Bi. Wen wasijue.

Watoto wanateseka! Ningefanyaje?

Nimeshapata mahali, nyuma ya mapipa ya rangi, mtandao unashika. Picha ya Bunge inaficha makontena yote, limebaki moja tu, na hilo nitasema ni Ikulu. Tunaanza kesho. Tobias nimemwambia nina tatizo la tumbo, litanichukua kila asubuhi hadi Juni. Anitha sijamwambia, lakini hii si siri, ni jambo ambalo bado halijaulizwa. Na akiuliza nimejipanga. Sitasema ndiyo, sitasema hapana. Nitakohoa.