Bingwa Apewa Ufagio

Jumatatu, 8 Februari
Msiba. Klabu yetu ya curling, mchezo wa kutelezesha mawe barafuni, imemteua Bernadine, dada wa mke wangu, kuwa kapteni. Mimi, Orest Hladun, bingwa wa jimbo la Saskatchewan, Kanada, mara tatu, nimepewa ufagio! Eti goti langu limechoka. Yeye atasukuma jiwe la mwisho, mimi nikimbie mbele ya jiwe nikisugua barafu ili liteleze mbali zaidi, hadi kwenye duara la shabaha. Mke wangu alisema afadhali huko nitafagia, maana nyumbani sijawahi. Nikaanza kupanga namna ya kuurudisha ukapteni. Akili ninazo.

Alhamisi, 11 Februari
Jana nilimwalika Bernadine chakula, nimshibishe hadi ashindwe kuinama. Majani ya kabichi yaliyoviringishiwa nyama, sufuria nzima, krimu juu. Alikula, akaongeza, akaomba za kubeba. Leo mazoezini alikuwa mwepesi kama paka. Nimesimuliwa. Mimi sijatoka chooni.

Ijumaa, 12 Februari
Nimemwaga maji ya moto barafuni, pale Bernadine anapoanzia kuteleza na jiwe, yagande vinundu. Nikarudi nyuma nitazame kazi yangu. Nikateleza. Wendell, mfagiaji mwenzangu, alinikuta chali nimekumbatia birika. Nilimwambia nilitaka chai.

Jumapili, 14 Februari
Fainali ya wilaya! Tuko sare, limebaki jiwe letu la mwisho. Bernadine akalisukuma, akapaza sauti: "Fagia, shemeji! Fagia!"
Nikaona nafasi yangu. Tusipofagia, jiwe litaishia njiani na aibu itakuwa yake. Nikashika goti, nikamwangukia Wendell. Sote chini. Jiwe likatupita polepole, likaenda kutulia katikati kabisa ya duara. Kumbe alilisukuma kwa nguvu mno! Tungefagia, lingepitiliza.
Kombe letu. Bernadine alinikumbatia huku analia. "Shemeji, mimi nimekosea, wewe ukaona. Ukajitupa chini na goti bovu lile!"
Nilijibu kwa unyenyekevu kwamba uzoefu ndio huo.

Jumatatu, 15 Februari
Nilikwenda klabuni nimevaa tai, kupokea ukapteni wangu. Bernadine akasimama, akasema mfagiaji kama huyu hapatikani jimbo zima, kwa hiyo abaki na ufagio hadi astaafu. Wakapiga kura. Mikono yote juu. Wendell aliinua miwili.
Sawa. Nimeona nilipokosea: nilifagia kidogo mno. Msimu ujao nitafagia kwa nguvu zangu zote, kila jiwe lake lipitilize hadi ukutani. Tuone nani atamtaka.
Kesho alfajiri naanza mazoezi ya kufagia.