Mwenyekiti wa Bonde la Kerme

Jumatatu, 11 Mei

Mafunzo ya baraza la bonde yameanza. Ukumbi wa wilaya, chai ya kijani, sambusa za kondoo. Mkufunzi ni Bi Nurzat, mtu wa mji mkuu, Bishkek, mpole. Asubuhi nzima kaeleza usimamizi shirikishi wa maji: mto ni mmoja, watu wa juu na wa chini ni kitu kimoja. Sikuelewa. Nikaitikia kwa kichwa.

Ijumaa tunachagua mwenyekiti, naye ndiye atakayesimamia zamu za maji. Lazima niwe mimi. Miti yetu ya matunda huku juu, miaprikoti, ina kiu. Mpinzani ni Kalybek wa kule chini, baba mkwe wa binti yangu. Mkwe havunjiwi heshima. Nitamwangusha kwa adabu.

Jumatano, 13 Mei

Kizungumkuti. Bi Nurzat katuchezesha mchezo: sisi wa juu tujifanye wa chini, wa chini wajifanye wa juu, kisha tugombee maji ya Juni. Nikauliza, sasa mimi ni nani? Kasema mimi ni Kalybek. Na Kalybek je? Eti yeye ni mimi. Kichwa kikaniuma.

Lakini mashindano ni mashindano. Nikasimama, nikaulilia mpunga wao unaokauka. Nikamtaja binti yangu anayechota maji ya matope kule, na hapo machozi yakanitoka kweli. Kalybek, yaani mimi, hakubisha hata kidogo. Kajikuna shingo, kasema, "Basi mkwe, umeniweza. Wa chini mtangulie kupata maji."

Nimemgaragaza!

Ijumaa, 15 Mei

Nimechaguliwa! Watu wa chini wamenyoosha mikono wote, wengine yote miwili. Watu wa kwetu hawakunyoosha hata kidole. Wivu huo.

Kisha Kalybek kaomba makubaliano ya Jumatano yawe ndiyo zamu za mwaka huu, maadamu mtu wa juu mwenyewe ndiye aliyeyatetea. Bi Nurzat kasema jamani, yale yalikuwa mazoezi. Kalybek kauliza kwa unyenyekevu kama na machozi ya mwenyekiti yalikuwa mazoezi. Nikasema mimi silii kwa mazoezi. Makofi! Zamu zikapita. Mpaka sasa sijui nilipotelea wapi.

Jumanne, 2 Juni

Kazi ya kwanza ya mwenyekiti: kufunga lango la mfereji wetu, kwa mkono wangu mwenyewe. Miaprikoti inadondosha matunda machanga. Inaniuma. Mke wangu hanisemeshi. Wakati wa kula ananikalisha karibu na mlango, mahali pa mtu wa mwisho, mimi mwenyekiti. Jirani Ormon kauliza kama yale machozi yamebaki, nikamwagilie miti yake.

Kalybek kaleta salamu. Binti yangu anasema maji ni mengi, tena safi.

Septemba Bi Nurzat anarudi kutufunza tena, na zamu za mwakani zitapangwa hapo hapo. Safari hii sibahatishi. Nimeshampigia simu kumwomba anipe tena upande wa chini. Upande ule sijawahi kushindwa.