Bunduki Niliyoinunua Nizwa

Leo nimeadhirika, jamaa zangu wa Sur. Tena sokoni Nizwa, asubuhi ya Ijumaa, watu wamejaa. Nakuandikieni mwenyewe kabla wambea hawajakufikieni.

Mnajua mwanangu Nasor anaoa Al Qabil. Wakwe zake wameshanitania: "Sheikh Salum, wewe mtu wa Zinjibari, kwenye ngoma ya razha utacheza na bunduki kama wanaume, au utakuja na pakacha la karafuu?"

Bunduki ninayo. Kuukuu ya jeshi la Waingereza, niliipata kwa bei ya mbuzi, zama zile zinauzwa kama kuni. Kitako kimezongwa mpira wa baiskeli tangu nainunua, nami nikidhani mti umepasuka. Nafukuzia mbuzi shambani kwangu Ibra. (Risasi sina. Naipunga tu.) Harusini itanitia aibu. Nikaona niiuze, niongezee, ninunue ya maana.

Hapa ndipo akili yangu inapokwama. Bunduki hizi hazipigi, na kila zikichakaa bei inapanda! Mimi nachakaa kila siku, hapana aliyenipandisha.

Nikampa dalali Seif, imo ndani ya gunia. "Iuze upesi, nisiione tena." Nikenda kunywa kahawa.

Narudi, namkuta Seif anazunguka katikati ya watu na bunduki begani. Lo! Inang'aa mafuta, kitako kina pete za fedha.

"Riali thamanini! Nani anazidisha?"

"Tisini," akasema mzee mmoja wa Izki.

Hii ndiyo ya kuwafunga midomo wakwe! "Mia!" nikasema.

"Mia na kumi."

"Mia na ishirini!"

Seif akanitazama vibaya. (Nikadhani haamini kama nina hela.) Nikazidi kujitapa: "Aliyeileta hii hajui kitu!" Mzee wa Izki akanyamaza. Yangu!

"Mwenyewe yuko wapi nimlipe?"

Seif, naye hana sauti ndogo, akasema: "Sheikh Salum, una homa? Mwenyewe si wewe? Nimebandua ule mpira wako, fedha ilikuwa chini yake."

Mzee wa Izki akainuka. "Kumbe! Mwenye mali anajipandishia bei! Mwizi huyu!"

Watu wakanizonga. Mimi, niliyeingia nchi hii na sanduku moja, nikavuja jasho mpaka nikawa na shamba, niitwe mwizi? Nikapiga ukelele soko zima likasikia: "Wallahi mimi si mwizi! Mimi mjinga! Sikuijua bunduki yangu!"

Kisha kicheko, mpaka mbuzi wa mnada wakakata kamba.

Mzee wa Izki akanishika mkono, machozi yanamtoka. "Nisamehe, ndugu yangu. Hapana mwizi anayeweza kutunga uongo huo."

Seif kachukua ujira wake kwa muuzaji, kachukua na kwa mnunuzi. Wote mimi.

Njooni harusini, mtaniona nayo begani. Msicheke. Wakwe wakiuliza nimeinunua kwa nani, semeni kwa mzee mmoja wa Ibra, maskini, hajui thamani ya kitu chake.