Sidii Iliyopiga Chafya

Siku Mulwa aliposikia kwamba kuna tajiri wa Syokimau anayetafuta santuri za zamani za gita za Kikamba kwa udi na uvumba, hakurudi nyumbani kufikiri. Mtu mwenye kipaji chake hufikiri akitembea. Kabla hajafika stendi ya Machakos alikuwa ameshajua santuri ziko kwa nani, na zitatokaje huko bila yeye kutoa jasho.

Zilikuwa kwa Mukai, mjane mwenye hoteli nyuma ya soko. Marehemu mumewe alimwachia kreti nzima ya santuri, zote za stirio, pamoja na spika mbili kubwa za mbao. Mukai alizipenda santuri, lakini alipenda wateja zaidi, na wateja walikuwa wamehamia hoteli ya jirani, iliyoweka televisheni pana kama mlango wa kanisa. Mulwa aliamini kwamba mwenye wivu ni mtu aliyekwisha kuvua kofia mwenyewe. Kilichobaki ni kumnyoa.

Akaingia alasiri, hoteli ikiwa tupu, suti imenyooka, mkononi sidii inayong'aa.

"Mwaitu, mama yangu, habari ya kazi?"

"Kazi iko, watu ndio hakuna. Unakula ama unauza?"

"Nimekuja kukuokoa."

"Kanisa niko nalo."

Mulwa akacheka kwa adabu. "Hebu weka santuri moja kwanza."

Mukai akaweka. Gita likalia kutoka spika ya kushoto, mwimbaji akaitikia kutoka ya kulia.

"Unasikia? Hiyo ndiyo stirio. Gita huku, mwimbaji kule, na wewe katikati kama mtu amesimama kwa mlango wa harusi na hajaalikwa. Sidii hii inakuingiza ndani, inakuketisha kati ya bibi harusi na keki! Sauti inatoka mbele, nyuma, ubavuni. Na ni safi, unasikia hata ulimi wa mwimbaji ukigusa meno."

"Na bei?"

"Pesa yako ya nini, mwaitu? Nipe hizo santuri kuukuu nikusaidie kuzitupa."

Akapanga kimashine chake na visanduku vitano vyeusi ukutani. Ndani ya visanduku hamkuwa na kitu ila matumaini ya Mulwa. Muziki wenyewe ulikuwa umeingia kwa mlango wa nyuma, kwa miguu yake: Kimanzi na gita lake alijibanza stoo, Mutunga mwenye sauti nzito alisimama nyuma ya pazia la pahali pa kunawia mikono, na Ndanu, mwimbaji wa harusi, alichuchumaa nje chini ya dirisha. Wote watatu walikuwa wameahidiwa mgao.

"Sharti moja," Mulwa akasema. "Funga macho. Macho yakiwa wazi, huyaibia masikio."

Mukai akafumba. Mulwa akabonyeza kitufe, akakohoa mara moja, na muziki ukaibuka pande zote. Mabega ya Mukai yakaanza kucheza bila ruhusa yake.

"Asi! Kuna mtu nyuma yangu!"

"Ni teknolojia."

Basi, Mutunga alikuwa amesimama karibu na gunia la pilipili. Akajizuia, akajizuia tena, kisha akapiga chafya iliyotikisa vikombe.

"Hiyo ni nini?"

"Usafi wa sauti, mwaitu!" Mulwa hakukawia hata kidogo. "Siku ya kurekodi mwimbaji alikuwa na mafua. Stirio ingekuficha hilo."

"Maskini. Pole, mwanangu," Mukai akaiambia sidii.

"Asante, mama," sidii ikajibu.

Mulwa akahisi roho yake ikifunga mizigo. Lakini Mukai, macho bado yamefumbwa, alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nimeipenda, nitachukua. Ila ngoja niite watu wasikie, wasije wakasema nimetupa mali ya marehemu bure."

Akatoka mlangoni, akapaza sauti. Soko likamwagika ndani. Wimbo ulipokwisha, watu wakapiga meza: "Rudia!"

"Mwaitu, sidii ipumzike kidogo..."

"Inachoka? Za marehemu hazijawahi kuchoka."

Ikapigwa tena, na tena. Nyama ikakatwa, muthokoi wa mahindi na maharagwe ukapakuliwa, hoteli ya jirani ikabaki na televisheni yake. Kule stoo, vidole vya Kimanzi viliwaka moto. Dirishani, Ndanu alimtazama Mulwa kama mbuzi anayesikia watu wakitaja Krismasi. Mulwa mwenyewe alizunguka akijifanya anarekebisha visanduku, kumbe anapitisha maji ya kunywa.

Mukai akaweka sahani ya nyama kando ya pazia.

"Ya nani hiyo?" akauliza mteja.

"Ya sidii."

Mkono ukatokeza, ukaichukua. Sauti nzito ikapotea muda wa kutafuna. Watu wakashangilia.

Mulwa akaona hapa si mahali pa kuzeekea. Akabeba kreti, akanyemelea mlango. Mukai alikuwa ameshasimama hapo.

"Zima mashine, tuagane vizuri."

Mulwa akabonyeza. Gita likaendelea. Akabonyeza tena. Kimanzi alikuwa amezama, hasikii la mtu.

"Usijichoshe, kijana. Stima ilipotea wimbo wa kwanza haujaisha. Friji ilinyamaza, sidii yako ikazidi kuchangamka."

Akavuta pazia. Mutunga akaonekana, mashavu yamejaa nyama. Hoteli ikalipuka kwa vicheko na makofi. Kimanzi akatoka stoo na unga kichwani. Ndanu akaingia kwa dirisha.

"Nyinyi mmeahidiwa nini?" Mukai akawauliza.

"Mgao," Ndanu akasema. "Na tangu asubuhi hata chai hatujaonja."

"Kila Jumamosi mtapiga hapa, mbele ya watu, mkiwa mmeshiba."

Wakahama upande papo hapo, bila hata kumuaga mwajiri wao. Mukai akaipokea kreti, akamgeukia Mulwa.

"Wateja umeleta wewe. Vyombo vyao vichafu pia ni vyako."

Mlangoni walikuwa wamesimama wachinjaji wawili wanaokula kwa Mukai kila siku, na hawakuwa watu wembamba. Mulwa akavua koti.

Jikoni, viwiko ndani ya povu, akamsikia Ndanu akitunga wimbo mpya papo kwa papo, kuhusu bwana mmoja wa suti aliyeuza hewa sandukuni. Watu walikufa kwa kicheko. Mulwa akasugua sufuria kwa hasira. Lakini wimbo ulikuwa mtamu, shetani achukue, na ulimhusu. Mkono ukaanza kugonga sufuria. Kiitikio kilipofika, mdomo ukafunguka wenyewe, na kusema haki ya Mungu, alikuwa na sauti nzuri.

Mzee Ayub, muuza vitambaa, alikuwa ndio anaingia. Akasimama, akageuza shingo huku na huku.

"Mukai! Sauti ya sidii yako inatoka mpaka jikoni?"

"Pande zote, mzee wangu," Mukai akasema, akimvutia kiti. "Na hiyo ya jikoni nimeikodi wiki nzima."