Kihoto Inasalimia

Jumatatu, 12 Novemba 2007

Siku tano. Ijumaa Bwana Shabir, mwenye kampuni, ataajiri mmoja wetu tulio kwenye majaribio, mimi au Kui. Mwingine ataenda nyumbani. Mama ameshawaambia majirani wote wa mtaa wetu, Free Area, kwamba ni mimi.

Mpango ni huu. Ruta yetu hapa Nakuru, mashine ya mtandao, huunganisha maduka yetu yote ya mbegu kwa prosesi moja, yaani programu moja yenye ramani yake ya njia. Lakini ruta hiyohiyo inaweza kuendesha mbili. Hazisemezani mpaka mtu aziunganishe. Nitalihamishia duka la Ndabibi kwenye ya pili. Ndabibi watapotea, kila mtu atahangaika, na mimi nitaunganisha. Shujaa! Kui ataniita boss.

Jumanne, 13

Nimefanya saa nne, Kui alipotoka kununua mandazi. Mistari michache tu.

Baada ya robo saa, simu. Hiram, mtunza stoo wa Ndabibi. Alisema Nakuru imepotea kwenye ruta yake. Nikampa pole nzito. Akasema mahali pake pametokea Kihoto. Inamsalimia kila sekunde kumi, kama ruta zinavyosalimiana zikiwa hai.

Nikamwomba arudie jina.

Ofisi yetu ya Kihoto, kule Naivasha, iliingia maji mwezi Mei. Ikafungwa, stima ikakatwa. Hiram aliuliza kama kuna mtu tulimsahau ndani. Na je, aitikie?

Siunganishi! Nikiunganisha, itaingia hapa.

Jumatano, 14

Nimesingizia jino, nikaenda Kihoto. Mzee Ogola, mlinzi, alinifungulia. Tope limeacha mstari ukutani, usawa wa kifua changu. Kalenda bado iko Mei. Nilimwuliza kama husikia kitu humo ndani. Akasema husikia. Nilishika mlango. Vyura, kijana, akasema.

Rafu ya ruta ni tupu. Tope kila mahali, isipokuwa mraba mmoja safi pale ilipokaa. Nikampigia Hiram. Akasema sasa hivi tu imesalimia tena. Nilikuwa nautazama ule mraba.

Sikumbuki nilivyofika barabarani.

Alhamisi, 15

Siku ya tatu Ndabibi hawaoni orodha ya bidhaa. Wakulima wamejaa mlangoni na mvua inakuja. Bwana Shabir aliuliza ni nani aliyegusa ruta. Nilikohoa. Nikamweleza kuhusu Kihoto, kwa sauti ya chini. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbegu zilizooza.

Kui aliinua ruta akaipindua. Chini kuna karatasi iliyobandikwa: KIHOTO. Kwenye skrubu, tope kavu. Akaniuliza kama sikujua ndiyo ileile iliyotolewa majini, ikaanikwa juani na kuletwa hapa Juni. Namba ya Kihoto, inayoitambulisha kwa ruta nyingine, haikufutwa. Prosesi mpya isipopewa namba hujichukulia iliyobaki ndani ya mashine. Wee Ndung'u, alicheka, umekimbia hadi Naivasha kutafuta kitu kilicho kando ya kiti chako!

Ofisi nzima ilicheka. Mimi nilisogeza kiti. Miezi mitano nimeweka chai yangu juu yake.

Ijumaa, 16

Kui ameirudisha Ndabibi, na ameajiriwa. Mimi nimeongezewa mwezi mmoja wa majaribio kwa sababu Bwana Shabir anamheshimu Mama. Sharti: nisiiguse ruta. Hata kuipangusa vumbi.

Jumamosi, 17

Kui ametumwa Ndabibi. Niko peke yangu nayo. Taa zake zinapepesa.

Nimefikiri kwa makini. Kosa langu lilikuwa moja tu: sikuipa prosesi namba. Leo nimeanzisha ya tatu, nikaipa namba ambayo Kui hutumia kwa majaribio yake, yenye jina lake, na kuhamishia Ndabibi humo. Ndabibi wakipotea, lawama ni zake. Safi!

Dakika tano, simu. Hiram, ananong'ona. Kui anamsalimia kutoka Nakuru, kila sekunde kumi. Lakini Kui amesimama hapo kando yake, anakula mahindi, na anauliza huyo wa Nakuru ni nani.

Nimemwambia labda ni Kihoto.